Nyumba Iliyofunzwa Kunyamaza

Dada yangu aliniita Kolwezi nimsaidie kulea watoto. Hivyo ndivyo alivyosema kwenye simu, ila nilipofika nikaona kwamba alichotaka hasa ni kimya.

Wakati huo nilikuwa Fungurume, nauza chai na mikate kwenye maegesho ya malori, na miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Ndivyo nilivyo. Niliacha shule mapema, na tangu hapo nimekaa Tenke, nimekaa Kasaji, nimerudi, nimeondoka tena, nikiuliza watu maswali ambayo hakuna aliyenituma niulize. Yaya, ndivyo tunavyomwita kwetu ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, alijua kwamba katika familia nzima ni mimi tu nisiye na kitu cha kunifunga mahali. Nilifunga mzigo asubuhi, jioni nikawa kwake.

Yaya alikuwa mpishi kwenye kantini ya mgodi. Basi la wafanyakazi lilimchukua kabla jua halijachomoza na kumrudisha giza likiingia. Mume wake aliendesha lori la kubeba mawe kwenye mgodi huohuo, zamu ya usiku. Mmoja alitoka mwingine akiingia. Walisalimiana mlangoni, kisha shemeji akalala mchana kutwa kwenye chumba cha nyuma, na watoto watatu wakabaki upande wa pili wa ukuta wa tofali moja.

Mkubwa alikuwa binti mwenye akili za haraka, wa pili mvulana mgomvi, na wa mwisho kasichana, bado hakajaanza shule. Walikuwa watoto wa kawaida. Waligombania kikombe, waligombania nani aoge kwanza, walilia, walicheka, walipiga mpira ukutani. Na kila walipofanya hivyo shemeji aliamka, akageuka, na usiku akapanda lori lake macho yakiwa mekundu.

"Unajua ile kamyo iko namna gani," Yaya aliniambia siku ya kwanza, akivua viatu. "Gurudumu yake inapita mulango hii kwa urefu. Na njia inazunguka shimo. Mwaka ulipita benzake moja alisinzia. Tulimuzika na sanduku ya kufungwa." Akavisukuma viatu chini ya kiti. "Mutoto mwenye atalamusha baba yake muchana, ni kama anamusukuma mu shimo. Nilibaambia ivo."

"Uliwaambia maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo. Siku mbili bakanyamaza. Ya tatu mupira."

Nilikaa siku chache nikitazama tu. Napenda kujua kitu kinavyokwenda kabla sijakigusa. Nikaona kwamba ugomvi wa nyumba ile ulikuwa na saa zake na mahali pake, kama vile mabasi yalivyo na vituo. Ugomvi wa vikombe ulianza pale beseni lilipowekwa. Nikagonga misumari mitatu ukutani kwenye kona ya chumba cha mbele, kila mtoto na msumari wake na kikombe chake chenye rangi yake. Ugomvi wa kuoga nikaumaliza kwa kuanza na mdogo, maana maji ya mdogo huchafuka kidogo. Sare nilizitandaza jioni juu ya kiti, soksi ndani ya viatu. Asubuhi hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniuliza kitu, na mtoto asiyeuliza hapazi sauti.

Kilichobaki ni kuita. Huwezi kuendesha nyumba bila kuita watu. Njoo kula, ingia ndani, toka nje. Hapo nikakumbuka Tenke. Nilipouza chai pale stesheni niliwatazama mafundi wa reli wakipita kando ya mabehewa yaliyosimama, wakigonga magurudumu kwa nyundo ndefu, moja baada ya jingine, bila kusema neno. Niliwauliza wanatafuta nini. Wakaniambia gurudumu zima linaimba, lenye ufa linajibu kwa sauti ya bubu. Kilichonivutia zaidi ni kwamba yule wa mbele na yule wa nyuma waliongea kwa nyundo zao tu.

Basi nikachukua kijiko cha chuma na kuwafundisha watoto. Kugonga sakafu mara moja, chakula tayari. Mara mbili, ingieni, kaeni kwenye mkeka wenu pale konani. Kuburuza kijiko juu ya simenti, krrr, tokeni nje wote, mdogo mbele, kila mmoja ameshika nguo ya aliye mbele yake, bila neno. Walipenda kuliko mchezo wowote. Kijiko hakikugomba, hakikuwa na uso wa hasira, na hakikumpendelea mtu. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikupita ukuta wa shemeji, lakini sikio la mtoto aliyekaa sakafuni liliipata kutoka chumba chochote.

Wiki zikapita, zikawa miezi. Shemeji akaanza kunenepa mashavuni. Yaya akaanza kuimba tena akisonga bukari, kwa sauti ya chini. Na sisi wengine tukazoea kunong'ona hata tukiwa barabarani.

"Kwenu batoto beko wapi?" mama mmoja aliniuliza kwenye foleni ya maji. "Mi napita pale, naona nguo yabo ku kamba, lakini batoto sisikie. Munabafunga mu frigo?"

"Wako. Wamefundishwa."

"Nikuletee bangu. Ukibamaliza, ufundishe na bwana."

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka, nikarudi na ndoo kichwani nikijiona mtu wa maana. Nyumba yetu ilikuwa kimya kuliko zote katika avenyu ile, na hilo si jambo dogo, maana avenyu yenyewe ilikuwa na kelele za namna yake. Karibu kila parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ilikuwa na turubai la rangi ya chungwa lililozungushwa kwenye miti, na nyuma ya turubai vijana wa koleo na kamba, bakrezeri wanaochimba yale mawe meusi ambayo dunia nzima inayataka. Hakuna aliyesema anachimba mawe. Kila mtu alikuwa anachimba choo. Jirani yetu wa kushoto, mwanamume mpole wa kofia ya sufu, alikuwa akichimba choo chake tangu kabla sijafika, na malori madogo yalikuja kubeba udongo wa choo hicho kwa magunia yaliyoshonwa midomo.

Alasiri mgodi mkubwa ulipolipua mwamba, vikombe vilicheza kwenye misumari na vumbi likashuka kutoka darini. Hakuna aliyeinua kichwa. Mtu wa Kolwezi akiona kitu kinatikisika anasema ni mgodi, anaendelea kula.

Siku moja, wakubwa wakiwa shuleni, nilikuwa nje naanika sombe, majani ya muhogo. Niliporudi ndani nikamkuta mdogo amesimama konani, juu ya mkeka, chini ya vikombe, mikono nyuma, kama nilivyowafundisha. Anangoja.

"Unafanya nini hapo?" nikanong'ona.

"Uliniita."

"Mimi nilikuwa nje."

"Kijiko iliita. Mara mbili." Akanionyesha vidole viwili.

Kijiko kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nikamwambia, mwanangu, umeota, nenda ucheze. Kesho yake nikamkuta tena. Na siku iliyofuata, mara hii amekaa, chakula hakijaiva, ameshika bakuli lake. Kijiko kimegonga moja, akasema, mbona hakuna bukari?

Nilimwambia Yaya. Akafikiri kama mama yeyote anavyofikiri, kwamba mtoto wa mwisho anatafuta macho ya watu. Alikuwa amechoka, miguu yake imevimba kwa kusimama kantini. Akamweka mtoto mbele yake.

"Juu ya nini unasema uongo kwa mama mudogo?"

"Sisemi uongo. Banagonga."

"Nani?"

Mtoto akaangalia sakafu. "Baba."

"Baba analala."

"Baba ya chini."

Nilielewa baadaye alivyowaza. Alisikia kila siku kwamba baba anafanya kazi kwenye shimo. Baba huyu analala hapa, basi kuna baba mwingine kule chini anayeendelea na kazi. Lakini jioni ile Yaya alisikia tu ujinga, akamnyima chai ya sukari. Mtoto hakulia. Katika nyumba ile hata kulia walikuwa wamejifunza kulia kimya, na nilipouona uso wake ukifanya kazi yote ya kilio bila sauti, kitu kilinigusa mgongoni ambacho sikukipenda.

Kesho yake sikutoka kuanika kitu. Nilikaa kizingitini nikichambua maharagwe na kumtazama. Alicheza na vifuniko vya chupa. Kisha akaacha kucheza, akainamisha kichwa. Akalala kifudifudi kwenye kona, sikio kwenye simenti. Akabaki hivyo. Halafu akachukua kijiko chake kidogo cha uji na kugonga sakafu, taratibu, mara mbili. Akasikiliza. Akatabasamu.

Nikaenda nikalala kando yake. Simenti ilikuwa ya baridi, ikinuka sabuni ya jana. Mwanzo nilisikia damu yangu mwenyewe. Kisha nikaisikia. Tok. Tok. Haikuwa mbali. Ilikuwa sauti ya chuma juu ya jiwe, yenye subira, ikisimama na kuanza, na baada yake kitu kilichokwaruza, kama gunia linavutwa.

"Unabasikia?" mtoto akaninong'oneza, pua yake karibu na yangu.

"Nawasikia."

"Mi si muongo."

"Wewe si mwongo."

Nilichukua kijiko kikubwa nikafanya kama mafundi wa Tenke. Nikaanzia mlangoni, nikagonga hatua kwa hatua kuelekea kona. Mlangoni simenti iliimba. Katikati ya chumba iliimba. Karibu na mkeka sauti ikashuka, na chini ya misumari ya vikombe, pale ambapo watoto watatu walikaa kila siku kwa amri ya kijiko, ikajibu kwa sauti ya bubu.

Shemeji alipoamka nilimngoja anywe maji kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alinisikiliza, akasema sakafu ile aliimwaga mwenyewe, na nondo ndani, na kwamba kitu ninachosikia ni mgodi. Nikaweka beseni la maji konani, nikamwomba akae tu kimya. Tukakaa wote wawili tukilitazama kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Mgodi ulikuwa haujalipua kitu. Maji yakachora duara dogo, likafa. Likaja jingine.

Shemeji alivaa shati, akatoka, nami nikamfuata.

Jirani alitupokea vizuri sana. Alitoa kiti, akakipangusa kwa kofia yake.

"Karibu, tata. Leo unalamuka mbio."

"Sikulala," shemeji akasema. "Bantu yako banafanya kazi chini ya batoto yangu."

"Bantu gani? Mi nachimba choo."

"Choo inatembea?"

Vijana waliokaa kwenye magunia wakacheka. Mmoja, amepakwa udongo mpaka kope, akasema, "Ni choo ya kisasa, tata. Inamufuata mutu mpaka kwake."

Jirani akawatuliza kwa mkono. Akasema yeye pia ana watoto, ataangalia, udongo una mambo yake, labda vijana wamekosea njia kidogo. Alisema yote kwa upole. Tulipogeuka kuondoka akaongeza, "Lakini na weye, tata, unalala muchana. Mwenye kulala muchana anasikia mambo mingi. Ukienda kwa shefu wa kartie, umusalimie. Jana alikuwa pa hii kiti."

Kwa hiyo hatukwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa.

Jioni ile Yaya alimpa mdogo chai yenye vijiko vya sukari zaidi ya kawaida, naye akanywa bila kuuliza. Tuliuhamisha mkeka, na vikombe pamoja na misumari yake, upande wa dirisha. Shemeji akaanza kutafuta nyumba ya kupanga kwenye mtaa mwingine, penye mwamba mgumu usio na kitu ndani. Aliipata, ila wapangaji waliomo wangetoka mwisho wa mwezi. Yaya hakutaka kusikia habari za kwenda kulala kwa watu na watoto watatu na mtu anayelala mchana. Nani atamvumilia? Watoto wa nani watamnyamazia? Tukasema tutangoja, tutaikwepa ile kona.

Kwa siku kadhaa chini kukawa kimya. Nilipita na kijiko kila asubuhi baada ya kufagia, nikigonga na kusikiliza. Mdogo alinifuata na kijiko chake cha uji, akigonga nilipogonga. Nilidhani tunacheza. Yaya alidhani ni vizuri mtoto apate kitu cha kumtoa hofu.

Kisha tok ikarudi. Haikurudi konani. Ilirudi katikati ya chumba.

Nilimwambia shemeji, naye akaniuliza imebaki siku ngapi mwezi uishe, kisha akaenda kazini. Niliwahamishia watoto kwenye kibaraza cha nyuma. Siku mbili baadaye niliisikia chini ya kibaraza. Nikaweka mkeka kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Ikaja kizingitini. Nilianza kuwaza mambo ambayo nisingeyasema mbele ya watu. Nimeishi sehemu nyingi, sijawahi kuona udongo unaomjua mtu. Lakini kila tulipohamisha watoto, kile kitu kilihama pia, kwa subira ileile, kama kinawasaka.

Mvua za kwanza zilianza mwezi ule. Zilinyesha usiku, zikaendelea asubuhi, mchana zikapungua kuwa manyunyu. Ilikuwa Jumamosi. Yaya alikuwa kantini, shemeji amelala. Watoto wote watatu walikaa kwenye mkeka chumba cha mbele, maana nje kulikuwa na matope, wakichora kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Mimi nilikuwa na sinia la mchele mapajani. Kijiko kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari wake, nakiona.

Ndipo ikasikika. Krrr. Ndefu, ya taratibu, kutoka upande wa kona hadi miguuni petu.

Watoto watatu waliinuka. Hawakuangaliana. Mdogo alitangulia, mvulana akashika gauni lake, binti akashika shati la mvulana, wakapita mbele yangu na kutoka nje mvuani bila neno, kama nilivyowafundisha. Mimi nilibaki na sinia. Nilikuwa bado nakitazama kijiko pale ukutani, kisicho mkononi mwa mtu, nilipoona mchele ukisogea wenyewe kwenye sinia, ukikusanyika upande mmoja.

Nikaacha sinia nikatoka.

Walikuwa wamesimama chini ya paa la jiko, wamejipanga, vidole midomoni. Mkubwa akanielekezea kichwa upande wa nyumba. "Na baba?" akanong'ona. Hakumwita. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemwita. Walimtazama baba yao kupitia ukuta, macho yamewatoka, na walinyamaza, kwa sababu mtoto anayemwamsha baba anamsukuma shimoni.

Nilisimama mlangoni nikafungua kinywa nimwite mimi. Kilichotoka ni mnong'ono. Nilikuwa nimeishi miezi mingapi nikinong'ona, na sauti yangu ilikuwa imekwenda wapi, sijui. Nikajaribu tena, ikatoka ileile. Nikaingia. Nilipita nikiambaa ukuta, hatua za kando, mpaka chumba cha nyuma, na hata hapo nilifanya kama Yaya alivyonionyesha, maana dereva wa mgodi ukimshtua anadhani lori limeanza kushuka. Nilimshika kidole gumba cha mguu nikangoja. Aliamka mikono ikiwa mbele, imeshika usukani usiokuwapo.

"Toka," nikasema.

Aliniangalia usoni, akatoka na blanketi mabegani.

Tulikuwa tumefika jikoni wakati chumba cha mbele kilipoondoka. Hakikutoa kishindo kama nilivyotarajia. Kilitoa sauti ya gunia linaloshushwa chini na mtu aliyechoka. Kona ikaenda kwanza, kisha sakafu ya katikati, na nondo za shemeji zikabaki zikining'inia hewani. Ukuta wa dirisha ulibaki umesimama. Misumari mitatu ilikuwa mahali pake na vikombe vitatu juu yake, vikiyumba.

Kukawa kimya. Nilikuwa nimekifanyia kazi kimya kile, nikakijua kwa miezi, lakini hiki hakikuwa chetu.

Halafu kutoka chini, ndani ya udongo, kukagongwa mara mbili.

Mdogo aliacha kusimama kwenye mstari. Alianza kutembea kuelekea nyumba, mikono nyuma, hana haraka. Nilimdaka gauni kwenye ukingo wa kizingiti, mguu wake mmoja tayari umeinuliwa. Akanigeukia kwa mshangao.

"Mama mudogo, banaita ndani."

Ikagongwa tena, mara mbili. Shemeji alikuwa ameshafika kwenye uzio wa jirani, anapiga kelele, na ndiyo ilikuwa sauti kubwa ya kwanza niliyopata kuisikia katika ua ule. Watoto walimtazama kama mtu wasiyemjua.

Avenyu nzima ilikuja na kamba na koleo. Wanaume walishuka kupitia choo cha jirani. Jioni wakawatoa wawili, wekundu wote, macho tu ndiyo yaliyobaki ya binadamu. Wakawakalisha kando ya jiko letu. Yaya alikuwa amerudi, amesimama na sare yake ya kantini, amewakumbatia watoto watatu kwa mikono miwili. Niliwapa wale vijana maji. Niliuliza waliingia wangapi. Mzee mmoja aliyekuwa akikunja kamba akasema bila kuniangalia, "Mama, hapa habaulizake ivo."

Mmoja wa wale wawili alikuwa ndiye aliyetucheka siku ile. Sasa alishika kikombe kwa viganja vyote, meno yakigonga bati. Nikachuchumaa mbele yake. Sikuweza kuacha kuuliza, hata siku ile.

"Kwa nini mlitufuata? Tulihamisha watoto kona hadi kona. Mlijuaje?"

"Batoto gani?" akasema. "Sisi tulikuwa tunafuata benzetu."

"Wenzenu gani?"

"Ekipe ingine. Tulikuwa tunabasikia pale juu kidogo. Tunagonga, banagonga. Tunasema, aba bameona muzipa wa mawe muzuri, twende tukutane nabo. Bakihama, tunahama." Akanywa. "Balikuwa banajibia muzuri kabisa. Mara mbili, mara mbili. Leo tu habakujibia."

Yaya alisikia. Nilimwona anasikia. Macho yake yalishuka taratibu mpaka kwenye mfuko wa gauni la mdogo, ambamo kijiko cha uji kilitokeza shingo yake. Alikichomoa, akaenda jikoni, akakitumbukiza kwenye bakuli la vijiko vyote vya nyumba na kuvikoroga kwa mkono, muda mrefu, mpaka hakuna ambaye angejua kilikuwa kipi.

Tulihamia ule mtaa mwingine mara mwezi ulipoisha. Nyumba hiyo mpya ni ya kelele. Yaya mwenyewe ndiye anayeanza, anaita watoto kwa sauti kutoka uani, anagonga sufuria, redio inaimba kutwa. Shemeji analala na kitambaa masikioni, halali vizuri, na kila usiku anapopanda basi la kazini Yaya anasimama barabarani mpaka taa za nyuma zipotee. Hajui ni lipi analoogopa zaidi, kimya au kelele. Mvulana alirudia mpira wake upesi. Binti bado ananong'ona.

Siku niliyofunga mzigo kwenda Kasaji, ambako nimesikia kuna watu wanaonunua asali kwa baiskeli vijijini na ninataka kuona wanavyofanya, nilimkuta mdogo peke yake nyuma ya mlango. Redio ilikuwa inapiga makelele. Alikuwa amelala kifudifudi, sikio kwenye simenti, kiganja kimefunika sikio la pili ili asisikie muziki.

Nikachuchumaa. "Wako?"

Alisikiliza kwa makini, kama fundi wa reli.

"Hapana," akasema. Kisha, kwa namna ya mtu anayekutuliza, "Bado."